Bashrafu kwa piano mbili

Kazi ninayoombwa mara kwa mara hapa Mji Mkongwe ni kuandika upya bashrafu, ule muziki wa ala tupu unaofungua onyesho la taarabu, ili ipigwe na watu wawili kwa piano mbili. Wengi hudhani ni suala la kugawa tu, fidla zikae piano ya kwanza na zilizobaki ziende ya pili. Sikubaliani nao.

Katika okestra ya taarabu, fidla, nai (filimbi ya mwanzi), akodiani na ganuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonoa) hubeba lahani moja, yaani tuni moja, kila ala ikiipamba kwa namna yake, na sikio hufurahi kwa sababu sauti zenyewe hazifanani. Piano mbili zina sauti ya aina moja. Wapigaji wakigonga nota ileile kwa pamoja, hata wakipishana kidogo sana husikika kama kosa, na kwa unyevu wetu wa masika, unaovimbisha ubao wa sauti na kupandisha nyuzi, ni nadra piano mbili kulingana sawasawa. Kwa hiyo lahani huiachia piano moja, na mapambo huyaweka kwenye piano ya pili, oktava moja juu, mahali lahani inapovuta pumzi.

Nota ndefu ndizo zinazonichosha zaidi. Upinde wa fidla huishikilia sauti, ilhali nyundo ya piano hugonga mara moja na sauti ikaanza kufifia papo hapo. Hapo huazima mbinu ya mpiga ganuni: nota hurudiwa upesi na kwa wepesi, huku piano ya pili ikishikilia besi kwa pedali yake. Watu wawili kwenye piano moja wasingeliweza hayo, kwani pedali ni moja kwa wote. Hata *La valse*, kazi ya okestra ya mtunzi Mfaransa Ravel, ilisikika Vienna mwaka 1920 kwa piano mbili, yeye na Alfredo Casella wakipiga, kabla okestra haijaipiga hadharani.

Yapo makamu, yaani ngazi za nota zinazojenga lahani, yasiyokubali kabisa kupigwa kwa piano. Nahawandi hupita bila taabu. Hijazi hupita pia, ingawa mwenye sikio kali atalalamika kwamba nafasi kati ya nota ya pili na ya tatu ni pana mno. Lakini nota ya tatu ya Rasti hukaa baina ya vibao viwili vya piano, na kuvigonga vyote pamoja huzaa mgongano tu. Bashrafu ya Rasti humrudishia mwenyewe.