Rashomon: tulibishania muuaji wiki nzima, kumbe swali lenyewe tulilishika vibaya

Muvi yenyewe tuliionea kibanda umiza cha huku karibu na Mwanjelwa, mwezi wa tatu, mvua ya Mbeya ile inayoanza saa nane mchana na haina habari na mtu, bati linapiga kelele mpaka spika haisikiki, na jamaa mmoja tunamwita Mwalimu (hafundishi popote, ila kiingereza anakijua) akawa anasoma maandishi ya chini na kututafsiria kwa kupaza sauti. Ya Kijapani, ya mwaka 1950, nyeusi na nyeupe, dakika 88. Nusu ya watu walikuja kwa sababu waliambiwa kuna mapanga. Tukatoka pale kila mtu anajua jambazi kanyongwa, haki imetendeka, twende zetu.

Ila mabishano hayakuisha. Yakahamia kijiweni yakadumu wiki nzima, nani muuaji nani mwongo, ikabidi niitafute niangalie peke yangu nyumbani, mara mbili, bila bati na bila Mwalimu. Ndo nikaona karibu kila tulichokuwa tunabishania tumekielewa kinyume.

Kwa asiyeijua, na ina miaka zaidi ya 70 kwahiyo sifichi mwisho: watu watatu wamejibanza na mvua chini ya geti bovu la mji wa Kyoto ya zamani, mkata kuni, kasisi, na mpita njia mmoja mwenye mdomo. Wawili wa kwanza wametoka barazani kutoa ushahidi. Samurai (mpiganaji wa upanga wa Kijapani wa zamani) kakutwa kafa porini, mke wake kabakwa, jambazi Tajomaru kakamatwa. Anahojiwa jambazi, anahojiwa mke, anahojiwa hadi marehemu mwenyewe kupitia mganga wa kike anayepandisha mizimu (hapo kibanda kizima kilinyamaza, hata bati nadhani lilinyamaza). Baadaye mkata kuni naye anatoa ya kwake. Hadithi nne, hakuna mbili zinazofanana.

Sasa tuanze na kosa kubwa kuliko yote.

"Kila mtu anadanganya ili asifungwe." Hii tuliisema wote, na mimi nlikuwa wa kwanza. Manake ndo tunavyojua, mwizi akikamatwa anasema sio mimi, nlikuwa napita tu. Kaangalie tena. Jambazi anasema nimemuua mimi, kwa upanga, tukiwa tunapigana kiume. Mke anasema nilishika jambia mkononi nikazimia, kuzinduka nakuta limemzama mume wangu kifuani, yani anajiweka yeye. Marehemu anasema hakuna aliyeniua, nimejiua mwenyewe kwa jambia la mke wangu. Unaona hapo? Watu watatu wanagombania kesi ya mauaji, kila mmoja anaivuta kwake! Hakuna hata mmoja anayekimbia kifo. Wanachokimbia ni aibu. Jambazi anataka aonekane mwamba, anajisifu kabisa kwamba walipishana panga mara 23 na hajawahi kukutana na mtu aliyefika hata 20. Mke anataka aonekane mwanamke aliyevunjwa moyo na jicho la mume wake. Samurai anataka afe kisamurai. Sasa sikiliza ya mkata kuni, pambano hilohilo: wanaume wawili wanatetemeka, wanahema kama mbwa, wanakimbiana, wanaanguka kwenye majani, upanga unanasa, aibu tupu. Nlicheka halafu nikaacha kucheka.

Kurosawa, mwongozaji wa hii muvi, ameeleza mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake kwamba wasaidizi wake watatu walimfuata kabla ya kuanza kushuti wakamwambia hii script hatuielewi. Akawajibu kwamba binadamu hawezi kujisema mwenyewe kwa ukweli, lazima ajipake rangi. Wawili wakaridhika, mmoja akaondoka amenuna. Kwahiyo ukiona hujaelewa usijisikie vibaya, waliolipwa kuitengeneza nao hawakuelewa.

Halafu kuna hili la mkata kuni. Kijiweni ndo lilikuwa jibu la wenye akili: "ukweli ni wa mkata kuni, yeye hana upande." Kweli sio ndugu wa mtu. Ila barazani alisema nini? Alisema alikuta tu maiti. Baadaye pale getini ndo anakuja kusema aaah, kumbe aliona kila kitu. Tayari huyo ni shahidi aliyebadili maelezo. Na kuna jambia, wanasema lilikuwa la thamani, limenakshiwa lulu. Marehemu anasema baada ya kujichoma alisikia mtu anakuja taratibu na kulichomoa. Kwenye hadithi ya mkata kuni jambia halifanyi kazi yoyote, samurai anakufa kwa upanga. Yule mpita njia mwenye mdomo ndo anambana, jambia liko wapi? Jamaa kimya. Ana watoto sita nyumbani, jambia la lulu ni unga wa miezi mingapi? Kwahiyo naye ana kitu cha kuficha, kidogo kuliko cha wenzake lakini kipo, na ukishajua kaficha kimoja huwezi kujua hajaficha cha pili.

Hapo kuna mtego wa macho pia. Sisi tumezoea kwamba kitu ukikiona kwenye skrini basi kimetokea. Mtu akianza kusimulia picha ikarudi nyuma, tunaichukua ile picha kama kamera ya usalama. Hapana, ile picha ni maneno ya mtu yaliyovalishwa nguo. Mwaka huohuo wa 1950 mwongozaji Hitchcock alitoa muvi yake Stage Fright akaweka simulizi ya uongo kwa njia hiyohiyo ya kurudi nyuma, watu wakamkasirikia kweli, wakaona wametapeliwa. Na sisi tuna ugonjwa wetu wa ziada, stelingi. Toshiro Mifune, anayecheza Tajomaru, ndo sura kubwa ya ile muvi, basi vijana wakaamua huyu stelingi, na stelingi hasemi uongo na hafi. Ndugu zangu, yule ni mbakaji kafungwa kamba.

Kitu kingine nilichokikosa kabisa mara ya kwanza: hakimu. Hayupo! Mashahidi wamekaa kwenye uwanja wa mchanga wanajibu maswali tusiyoyasikia, wanatazama mbele, yani wanatutazama sisi. Kiti cha hakimu umekalia wewe na mia tano yako ya kiingilio.

Kuhusu "hadithi ni ya kitabu kinaitwa Rashomon", nusu kweli. Mwandishi Akutagawa aliandika hadithi fupi ya Rashomon mwaka 1915, humo muvi imechukua geti na hali ya pale, na jina. Mauaji na mashahidi vimetoka kwenye hadithi yake nyingine ya 1922, ile ya kichakani. Mtoto mchanga anayeokotwa mwishoni na mkata kuni hayumo kwenye zote mbili, ameongezwa kwenye script. Na wanaosema nyeusi na nyeupe manake bajeti mbovu, mpiga picha Kazuo Miyagawa aliielekeza kamera kwenye jua lenyewe, kitu watu walikuwa wanakiogopa, akatumia vioo kurusha mwanga ndani ya msitu, na mvua ya getini walichanganya maji na wino mweusi kwa sababu maji matupu yalikuwa hayaonekani vizuri. Mwaka 1951 ikachukua tuzo kubwa ya Venice huko Italia, Kurosawa hata alikuwa hajui imepelekwa. Mwaka uliofuata Oscar ya heshima.

Lakini dhana iliyonikera zaidi ni ile ya watu waliosoma: "muvi inasema ukweli haupo, kila mtu ana ukweli wake." Hivi nani kasema? Mtu amekufa, hilo wote wanakubali. Alifungwa kamba kwenye mti, wanakubali. Mwanamke alibakwa mbele yake, wanakubali, hata mbakaji mwenyewe. Kinachobishaniwa ni kile kipande cha baada ya hapo hadi mtu anakata roho. Ukweli upo, sema waliobeba ule ukweli mikono yao imeulowanisha. Na ukiangalia vizuri, ni swali ambalo daktari angelijibu kwa dakika kumi: jeraha ni la upanga au la jambia? Wawili wanasema upanga, wawili wanasema jambia. Maiti haipimwi hata sekunde moja. Sisi tulibishana wiki nzima juu ya maneno, jeraha hatukuliuliza.

Na hapo ndo tunafika kwenye maisha yetu wenyewe, maana kuna imani kwamba mashahidi wakipishana basi yupo anayedanganya. Mimi imenikuta. Mwaka juzi mwezi wa saba, alfajiri, Uyole, ukungu ule ambao hata mlima Nyoka unapotea, Noah ikagongana na bodaboda. Hakufa mtu, kijana alivunjika mguu. Tulikuwa watu wanne tumesimama kwa mama wa chai. Mmoja akasema Noah haikuwa na taa. Mwingine akasema taa zilikuwa full. Mimi nikaapa, kwa jina la mama, kwamba bodaboda alivaa jaketi jekundu. Kuja kuangalia, jaketi lake lilikuwa la kijani, nyekundu ilikuwa blanketi ya abiria mwingine aliyekuwa amejifunika pembeni yangu muda wote. Nani alinilipa nidanganye? Hakuna. Kichwa kilishona chenyewe.

Hii imepimwa. Mwaka 1974 huko Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali, halafu wakawauliza magari yalikuwa spidi gani, wengine wakaulizwa "yalipogongana", wengine kwa neno kali zaidi, kama sisi tungesema "yalipofumuana". Ajali ni ileile. Wa neno la kawaida walitaja wastani wa maili 34 kwa saa, wa neno kali karibu 41. Wiki moja baadaye wengine wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na vioo havikuwepo: kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali 16 walisema wameviona, kati ya 50 wa neno la kawaida ni 7. Pale Uyole kuna mzee alifika anauliza kila mtu "hiyo Noah ilivyomfumua ilikuwa inatoka wapi", na spidi ya Noah ikawa inapanda kila akiuliza, mpaka saa mbili asubuhi ilikuwa inapaa.

"Ila shahidi mwenye uhakika huwezi kumpinga." Unaweza. Marekani hukohuko, North Carolina, Ronald Cotton alifungwa 1985 kwa kesi ya ubakaji, aliyetendewa alisimama mahakamani na uhakika wote kwamba ni yeye, mwanamke mkweli, hakuwa na sababu ya kumsingizia. Mwaka 1995 DNA ikaonyesha ni mtu mwingine. Miaka kumi imeenda.

Na mahakama zetu hazijalala kama tunavyodhani. Kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya 1980, Mahakama ya Rufani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, lazima uangalie shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, usiku au mchana, na kama alikuwa anamjua kabla. Nikijipima na hivyo vigezo pale Uyole nafeli vyote. Pia ile ya kijiweni kwamba "shahidi mmoja hatoshi kisheria" sio kweli, Sheria ya Ushahidi haijaweka idadi, mmoja anayeaminika anatosha. Na mashahidi kupishana vitu vidogo hakuui kesi, mpaka mpishano uguse mzizi wa jambo lenyewe. Kusema kweli mimi naogopa zaidi mashahidi watano wanaotoa maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, hao nani aliwapanga?

Sasa ile hukumu ya kunyongwa. Niliitafuta mara mbili. Haipo. Jambazi anasema tu anajua atakatwa kichwa siku moja, basi, muvi haitoi hukumu yoyote, inaisha mvua imekatika na mkata kuni anaondoka na kichanga. Nikamfuata Mwalimu, nikamwambia wewe kunyongwa umekutoa wapi. Hata hakubisha. Akasema, "Watu wamelipa mia tano, mvua inanyesha, nje giza. Ningewatoa vipi humo ndani bila hukumu?"