Upepo haukumnyima Mutai rekodi

Mbio za marathoni za Boston, Marekani, zinapokaribia, hadithi ile ile huanza kuzunguka: kwamba Mkenya Geoffrey Mutai alinyang'anywa rekodi ya dunia kwa sababu upepo ulimsukuma. Imerudiwa mno, na haiko sawa.

Kwanza dhana yenyewe. Muda uliosaidiwa ni muda halali uliopatikana kwenye njia au katika upepo unaompa mkimbiaji nafuu kupita kiwango kinachokubaliwa na Shirikisho la Riadha Duniani. Ushindi ni wake, zawadi ni yake, muda unaandikwa. Hauwezi tu kuidhinishwa kuwa rekodi ya dunia. Basi.

Kinacholeta utata ni namna kiwango hicho kinavyopimwa, maana uwanjani na barabarani ni mambo mawili tofauti kabisa. Uwanjani upepo wenyewe hupimwa, mbio kwa mbio. Katika mita 100 kipimaupepo huwekwa kando ya njia, mita 50 kabla ya utepe, nacho husoma kwa sekunde 10 tangu bastola ilie. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, rekodi hakuna. Mwaka 2008 huko Eugene, Marekani, Tyson Gay alikimbia kwa sekunde 9.68 akiwa na upepo wa mgongoni wa 4.1, muda huo haukuingia kwenye rekodi. Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 Nairobi mwaka 2021, kipimo kilisoma 1.2, na ikawa rekodi ya Afrika.

Barabarani hakuna anayepima upepo. Kinachopimwa ni njia, tena kwa masharti mawili. Njia isishuke kwa zaidi ya mita 1 kwa kila mita 1,000, yaani mita 42 kwa marathoni nzima. Na umbali wa mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho usizidi nusu ya urefu wa mbio. Sharti hili la pili ndilo linaloulenga upepo, ingawa haliutaji. Njia inayozunguka ikikupa upepo mgongoni kwenda, itakupa wa mbisho kurudi, na kurudi kutakugharimu zaidi ya ulichopata, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Vilima navyo ni hivyo hivyo. Wengi hudhani kupanda na kushuka vinafutana, lakini kwenye mteremko mkali mkimbiaji hutumia nguvu kujizuia, na misuli ya mapaja ndiyo inayobeba mzigo huo. Sekunde zilizopotea mlimani hazirudi zote.

Sasa tuitazame Boston. Njia huanzia mji wa Hopkinton ikaelekea mashariki hadi katikati ya jiji, haizunguki, na hushuka takriban mita 140. Masharti yote mawili imeyavunja. Tarehe 18 Aprili 2011 Mutai alimaliza kwa 2:03:02, Moses Mosop akiwa sekunde 4 nyuma yake. Rekodi ya wakati ule ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie, aliyoiweka Berlin mwaka 2008. Wote wawili waliipita, na ni kweli upepo uliwasukuma kwa nguvu siku ile. Septemba mwaka huo huo Patrick Makau alikimbia 2:03:38 Berlin, polepole kuliko wote wawili, na muda wake ndio ulioidhinishwa. Naelewa kwa nini jambo hilo liliwauma watu. Hata hivyo Mutai hakunyang'anywa kitu, kwa kuwa muda wowote wa Boston ulikuwa nje ya rekodi kabla hata hajafunga kamba za viatu.

Njia hiyo hiyo, mwaka 2018, ilikuwa na mvua, baridi na upepo mkali usoni. Yuki Kawauchi alishinda kwa 2:15:58, zaidi ya dakika 12 nyuma ya muda wa Mutai. Kama siku ile mtu angeweza kuupasua upepo huo na kuivunja rekodi ya dunia, asingeidhinishiwa pia. Kwa hiyo anayesimulia habari ya Mutai abadilishe neno moja tu: aseme ni njia iliyomzuia, si upepo.