Gitaa la kale la Fender halikuwa kazi ya fundi mmoja
Wengi huamini kwamba gitaa la umeme la Fender la miaka ya 1950 lilichongwa na fundi mmoja, polepole, kwa mkono. Sivyo. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, aliyeitwa Leo Fender, alikuwa fundi redio, na kiwanda chake cha Fullerton, California, kiligawa kazi: huyu akate mbao kwa mashine, yule apige msasa, mwingine apake rangi. Shingo ilifungwa kwa skrubu nne tu, kazi iende haraka.

Kazi ya subira hasa ilikuwa kuzungusha waya, mwembamba kama unywele, maelfu ya mara kuzunguka sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Wanawake wengi waliifanya, akiwemo Abigail Ybarra, aliyeajiriwa mwaka 1956. Sauti tunayoisifu leo ilipita mikononi mwao.