Kichocheo hakishiriki? Muulize Gerhard Ertl

Kila ninapoanza somo la vichocheo, mwanafunzi mmoja hutamka sentensi aliyoikariri tangu sekondari: kichocheo huharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kushiriki. Siiachi ipite. Kichocheo hushiriki sana, ila kazi ikiisha hurudi kama kilivyokuwa.

Aliyelionyesha hilo kwa vipimo ni Gerhard Ertl, Mjerumani aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1936. Alisomea fizikia kwanza, na naona ndiyo maana hakutosheka na kupima kinachoingia na kinachotoka kwenye tanuri. Alipata shahada ya uzamivu München mwaka 1965 chini ya Heinz Gerischer, akawa profesa Hannover mwaka 1968, akarudi München mwaka 1973. Mwaka 1986 alimrithi mwalimu wake Gerischer katika Taasisi ya Fritz Haber, Berlin, akabaki huko hadi kustaafu mwaka 2004.

Swali lililomshughulisha zaidi lilikuwa la amonia, ile inayotengenezewa yurea tunayoweka kwenye mahindi. Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kuitengeneza mwaka 1913 kwa kuunganisha naitrojeni na haidrojeni. Mkemia Alwin Mittasch na wenzake walikuwa wamejaribu maelfu ya michanganyiko ili wapate kichocheo, mpaka wakaupata ule wa chuma. Ulifanya kazi vizuri, lakini kwa miongo mingi wataalamu walibishana: molekuli ya naitrojeni hupasuka kwanza, au hupokea haidrojeni ikiwa bado nzima?

Ukikata chuma hapa mezani, uso mpya hufunikwa na molekuli za hewa kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo Ertl alifanya kazi ndani ya ombwe kali, yaani chombo kilichoondolewa hewa karibu yote, kwenye fuwele moja ya chuma yenye atomi zilizopangika sawasawa. Alipima atomi za naitrojeni zilizonasa juu ya uso ule, akaona kwamba haidrojeni ikiongezwa, zinapungua. Basi ni hizo zinazochukuliwa. Molekuli hupasuka kwanza, kila atomi hushikwa na chuma, kisha hupokea haidrojeni moja, ya pili, ya tatu, na amonia hung'oka na kuondoka. Hatua ngumu ni ule mpasuko, kwani kifungo cha naitrojeni kinadai zaidi ya kilojuli 940 kwa moli. Potasiamu kidogo iliyochanganywa na chuma husaidia hapo hapo, kwa kuwa huongeza elektroni kwenye uso. Kila nikilieleza jambo hili nalistaajabia upya: kitu kilichokwishalisha mamilioni ya watu ndipo kikaeleweka.

Tarehe 10 Oktoba 2007, siku aliyotimiza miaka 71, Ertl alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia, peke yake. Mmenyuko aliouchambua ndio uliompa Fritz Haber tuzo hiyo hiyo ya mwaka 1918.

Darasani huwa naifuta ile sentensi ubaoni. Nachora safu ya atomi za chuma, na juu yake naitrojeni mbili zilizokwisha kuachana.