Foleni Aliyoimaliza Sunak kwa Mdomo

Tarehe 2 Januari 2024, Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliwatangazia watu mtandaoni kwamba aliahidi kumaliza mrundikano wa maombi ya hifadhi ya ukimbizi kabla ya mwaka 2023 kwisha, na ahadi ameitimiza. Siku hiyo hiyo Wizara yake ya Mambo ya Ndani ilitoa takwimu. Maombi 98,599 yalikuwa bado yanasubiri uamuzi wa kwanza.

Kazi yangu ni kuwashauri waomba hifadhi hapa Uingereza, na wengi wanaokuja kwangu ni wasemaji wa Kiswahili: watu wa Kivu, Warundi, Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia. Juma lile simu hazikukatika. Kama foleni imekwisha, mbona mimi sijaitwa? Wengine waliamini faili zao zimepotea. Mama mmoja alikuwa na hakika kwamba amekwisha kukataliwa ila sisi tunamficha ili asivunjike moyo. Hasira niliyokuwa nayo siku zile sijaiacha, na leo nataka kueleza hesabu ile ilivyopikwa, kwa sababu mbinu zenyewe bado zinatumika.

Ahadi ilitolewa bungeni Desemba 2022. Sunak alisema mrundikano wa maamuzi ya kwanza utafutwa kufikia mwisho wa mwaka unaofuata, na kila aliyesikia alielewa foleni nzima. Baadaye serikali ikafafanua kuwa inayohesabiwa ni ile ya zamani tu, yaani maombi zaidi ya 92,000 yaliyowasilishwa kabla ya tarehe 28 Juni 2022, siku ambayo vifungu vya sheria mpya ya uraia na mipaka vilianza kutumika. Aliyeomba hifadhi siku moja baadaye hakuwemo. Ni sawa na mwenye duka aliyelipa madeni ya mwaka juzi, kisha akasimama sokoni kutangaza kwamba hadaiwi na mtu. Na hata ile foleni ya zamani haikwisha: yalibaki maombi 4,537, yakaitwa magumu na kuwekwa kando ya hesabu.

Mkuu wa Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza wakati huo, Sir Robert Chote, aliandika mwezi huo huo kwamba mtu wa kawaida akisikia mrundikano umemalizwa ataelewa kuwa umekwisha wote, na kwamba si ajabu baadhi ya watu wakaona wamepotoshwa. Hiyo ni lugha ya mtumishi wa umma, amepima kila neno. Mimi sina sababu ya kupima hivyo. Waziri Mkuu alikuwa na takwimu mezani, akachagua kusema zisichosema.

Linaloniuma zaidi ni jinsi foleni ile ya zamani ilivyopunguzwa. Wizara ilisema mwaka 2023 ilishughulikia maombi takriban 112,000, ya zamani na mapya pamoja. Lakini zaidi ya 35,000 kati ya hayo hayakuamuliwa kwa kusikiliza habari ya mwombaji. Mengi yaliandikwa kuwa yameondolewa. Mtu huweza kuliondoa ombi lake kwa hiari, ni kweli. Ila ombi huondolewa pia na wizara yenyewe pale mwombaji asipofika kwenye mahojiano au asiporudisha fomu kwa wakati. Februari 2023 ilianza fomu ya maswali zaidi ya hamsini, kwa Kiingereza, ya kurudishwa ndani ya siku 20 za kazi. Ilipelekwa kwanza kwa watu wa Afghanistan, Eritrea, Libya, Syria na Yemen, kwa hoja kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waombaji wa nchi hizo walikuwa wakikubaliwa. Wakongo hawakuwemo. Wao waliendelea kusubiri mahojiano ya kawaida.

Sasa fikiria maisha ya anayeletewa fomu hiyo. Wizara, inayompa malazi wakati anasubiri, humhamisha kutoka hoteli moja hadi nyingine, mji hadi mji, mara nyingi kwa taarifa ya muda mfupi. Barua inafika mahali alipokuwa. Mawakili wa msaada wa kisheria hawatoshi. Siku zinapita, na kwenye takwimu za Waziri Mkuu huyo anahesabika kuwa kazi iliyokamilika. Novemba 2023 wakuu wa wizara waliulizwa na kamati ya bunge waliko watu zaidi ya 17,000 ambao maombi yao yaliondolewa ndani ya mwaka mmoja. Jibu lilikuwa kwamba wizara haidhani inajua waliko watu hao wote.

Wakati huo huo serikali hiyo hiyo ilikuwa inatengeneza foleni mpya kwa mikono yake. Sheria ya Uhamiaji Haramu ya Julai 2023 iliiwekea wizara pingamizi la kuwapa kibali watu walioingia kwa boti, kwa kuwa walitakiwa wapelekwe kwingine. Na kwingine kwenyewe kulikuwa Rwanda, mpango uliotangazwa na Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, Aprili 2022. Mahakama ya Juu iliukataa tarehe 15 Novemba 2023, majaji wote watano kwa sauti moja, kwa kuwa kulikuwa na hatari ya wakimbizi kurudishwa kutoka Rwanda hadi kule walikokimbia. Wasomaji wangu wa Kigali wameniandikia mara kadhaa kuhusu jambo hili, kwa hiyo niseme wazi: hukumu ile ilipima utaratibu wa kushughulikia maombi ya hifadhi, haikuwahukumu Wanyarwanda. Jibu la Sunak lilikuwa kupitisha sheria, Aprili 2024, iliyowataka majaji waichukulie Rwanda kuwa nchi salama. Aliahidi ndege zitaruka majira ya kuchipua, kisha akasema wiki kumi hadi kumi na mbili, kisha, uchaguzi ulipoitishwa, akakiri haitaruka hata moja kabla ya kura. Walioishia kwenda Rwanda ni wanne, wote kwa hiari yao. Serikali iliyofuata ilisema mpango mzima uligharimu paundi milioni 700.

Ukiniuliza kwa nini nashikilia uongo wa mwanasiasa aliyekwisha kushindwa uchaguzi, jibu langu ni hili: ukishawaambia wananchi kazi imekwisha, huwezi tena kuwaomba fedha za kuifanya. Makarani wa kusikiliza maombi, wakalimani, mawakili, majaji wa rufaa, wote wanahitaji bajeti. Nani atailipia foleni ambayo Waziri Mkuu amesema haipo? Na mwananchi wa kawaida anayeona hoteli bado zimejaa huku akiambiwa mambo yameisha hamkasirikii aliyemdanganya. Anamkasirikia aliyelala hotelini.

Keir Starmer, aliyemshinda Sunak kwenye uchaguzi na kuwa Waziri Mkuu, aliufuta mpango wa Rwanda Julai 2024, na maamuzi yakaanza tena kutoka. Hilo nalikubali na kulishukuru. Lakini waliokataliwa walikata rufaa, na kufikia 2025 rufaa za hifadhi zinazosubiri mahakamani zilipita 50,000. Foleni imehama jengo. Halafu Novemba 2025 serikali ikatangaza kuwa hadhi ya ukimbizi itakuwa ya miezi 30 tu, ikaguliwe upya kila inapokwisha. Kila ukaguzi ni faili jingine linalomhitaji karani, na sijaona popote hesabu ya makarani hao.

Kwa mnaosubiri, nawaomba mambo machache. Ukihamishwa, iarifu wizara anwani mpya kwa maandishi siku hiyo hiyo, umwarifu na wakili wako, na uhifadhi nakala ya ulichotuma. Ukisikia ombi lako limeandikwa kuwa limeondolewa, usikae nyumbani ukidhani mambo yameisha. Mwone mshauri aliyesajiliwa mara moja. Na ukikataliwa ukiwa ndani ya Uingereza, una siku 14 tu za kukata rufaa. Usizitumie kumsubiri ndugu anayemjua mtu.