Je, wajua kwa nini anemoni (mnyama wa baharini mwenye umbo la ua) ukimkata anaongezeka, na konokono wa sentimita 2 anammaliza?

Mara ya kwanza nilipomwona nilifurahi. Ilikuwa usiku, taa ya tangi langu la samaki na matumbawe imeshazimwa, nami namulika mawe kwa tochi kuangalia kama kamba wangu amejivua gamba. Nyuma ya pampu palikuwa pamechipua kitu kama ua la kahawia: bua jembamba linalopitisha mwanga, na juu yake minyiri mirefu iliyochongoka, inapepea na mkondo wa maji. Nikamwita mke wangu aje aone. Baada ya mwezi walikuwa saba. Baada ya miezi mitatu sikuweza tena kuwahesabu.

Huyo ni anemoni anayejulikana na wafugaji wote wa matumbawe kwa jina la Aiptasia. Siku hizi wanasayansi wanamwandika Exaiptasia diaphana. Anaingia nyumbani akiwa amejibana kwenye tundu la jiwe, au kwenye kitako cha tumbawe ulilonunua mwenyewe kwa fedha yako, mdogo kuliko punje ya mtama. Kikulacho ki nguoni mwako. Akishakomaa, minyiri yake huchoma kila kinachomgusa, na akibughudhiwa sana hutema nyuzi nyeupe zilizojaa vishale vya sumu. Tumbawe lililo jirani hujikunja, halifunguki tena vizuri, na upande ule unaomwelekea yeye huanza kufa.

Nilichukua kisu. Nilikwangua jiwe mpaka likang'aa, nikalala nimeridhika. Wiki mbili baadaye jiwe lile lilikuwa na anemoni wengi kuliko mwanzo, na mengine ya jirani nayo yakawa nao. Ndipo nikaanza kutafuta jibu la swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kiumbe gani huyu anayekatwa akaongezeka?

Anemoni hana mfupa, hana moyo, hana ubongo. Mwili wake ni mfuko wenye mdomo mmoja, chakula kinaingilia hapo na uchafu unatokea hapo hapo. Kipande kidogo cha nyama yake kinaweza kujijenga upya kikawa mwili mzima. Tena hahitaji kisu chako. Anapotambaa juu ya jiwe, unyayo wake huacha vipande vidogo nyuma, na kila kipande kikipewa wiki moja au mbili huota mdomo na minyiri yake. Hao wote ni nakala za mzazi mmoja. Kumkwangua ni kumfanyia kazi yake mwenyewe kwa haraka zaidi, kisha pampu inamsambazia watoto kila kona.

Halafu ana riziki mbili. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wa seli moja, wa jamii ile ile inayoishi ndani ya matumbawe, wanaomtengenezea sukari kutokana na mwanga. Taa kali uliyowawekea matumbawe inamlisha na yeye. Na chakula cha samaki kinachopita bila kuliwa anakidaka. Ustahimilivu huu umemfanya kipenzi cha maabara: matumbawe ni magumu kufuga na kuzalisha, ilhali yeye hukubali karibu hali yoyote, kwa hiyo watafiti wanamtumia kuelewa kwa nini matumbawe hupauka bahari inapopata joto. Mwaka 2015 jinomu yake, yaani mkusanyo wote wa vinasaba vyake, ilichapishwa nzima. Mimi namheshimu. Lakini kwenye tangi langu la lita 200 simtaki.

Dawa ya kwanza ya wengi ni chokaa, chokaa ile ile inayopakwa kwenye tambuu. Unaikoroga na maji kidogo mpaka iwe nzito, unaivuta kwenye bomba la sindano, kisha unamwekea mdomoni polepole kabla hajajivuta ndani ya tundu. Inaua kweli. Kwa anemoni watano inafaa. Kwa hamsini utachafua maji yako, kwa sababu chokaa nyingi kwa mpigo inabadilisha kemia ya maji kuliko matumbawe yanavyoweza kuvumilia. Na wale waliojificha chini ya mawe huwafikii.

Lakini jiulize: mbona baharini hawajafunika kila mwamba? Kwa sababu huko wana wanaowala, na tangini kwetu tumewaleta peke yao. Jambo hili linaonekana hata pwani yetu, kwa kiumbe mwingine. Kwenye miamba ya Kenya inayovuliwa sana, watafiti waliokuwa wakihesabu tangu miaka ya 1980 walikuta vile viumbe vya duara vyenye miiba, vinavyotuchoma nyayo tukiogelea, vimejaa kupita kiasi na vinaugugunya mwamba wenyewe. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, vilikuwa vichache. Huko ndani samaki aitwaye kikande alikuwa hai, na kikande ana taya za kuvunja miiba hiyo. Ukimwondoa mlaji, kinacholiwa kinakuwa balaa.

Basi nirudishe mlaji. Lakini mlaji yupi?

Watu wengi hununua samaki wa jamii ya kitatange anayeitwa Chelmon rostratus, mwenye mistari ya rangi ya chungwa na mdomo mrefu kama kibano. Anatoka upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi. Mdomo ule umeumbwa kwa kuchokonoa mashimo, na wapo wanaosafisha tangi zima. Wapo pia wasiogusa anemoni hata mmoja. Na wengi wanakufa njaa, kwa sababu samaki huyu ni mgumu kuzoea chakula cha tangi. Kwa maoni yangu si haki kumnunua samaki kama huyo kwa kazi ya mwezi mmoja bila kujua utamlisha nini mwezi wa pili.

Wengine hununua kamba wa jenasi ya Lysmata, wale wembamba wenye mistari myekundu. Hawa hula anemoni wadogo vizuri, lakini wakubwa huwaogopa, na wakishazoea chakula cha samaki kinachoshuka kila jioni hawaoni sababu ya kupigana na mwenye sumu. Hapa pia uwe na macho makali dukani. Kuna kamba mwingine, Rhynchocinetes durbanensis, mwekundu mwenye mistari myeupe na nundu mgongoni kama ngamia, anayeuzwa pembeni ya hawa na mara nyingine kwa jina lao. Yeye anakula matumbawe laini. Tazama nundu. Ukiiona, mwache.

Shida ya kitatange na kamba ni moja: njaa yao ni pana. Anayekula kila kitu ataanza na kilicho rahisi, na anemoni mwenye vishale si rahisi. Wakulima wa mihogo wanalijua hili vizuri. Katika miaka ya 1970 mihogo ya Afrika ilivamiwa na vidung'ata, wadudu wadogo wenye unga mweupe waliotoka Amerika ya Kusini bila maadui wao. Kilichowaweza ni kinyigu kilichopatikana Paraguay, Anagyrus lopezi, ambacho hutaga mayai ndani ya mwili wa kidung'ata huyo. Kiliachiwa kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981, kikaenea nchi nyingi zilizolima muhogo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, na kwa miaka mingi aliongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi. Kinyigu kile hakikuwa na pa kwenda zaidi ya kidung'ata. Nguvu yake ilikuwa hapo.

Anemoni wetu naye ana mtu wake. Anaitwa Berghia stephanieae, konokono wa bahari asiye na gamba, alielezwa kisayansi mwaka 2005 kutoka visiwa vya Florida. Urefu wake ni kama sentimita 2. Chakula chake ni Aiptasia, basi. Ukimwekea chakula cha samaki hakijui. Ukimweka juu ya tumbawe anapita.

Huku Ujerumani ninakoishi, wafugaji huwazalisha na kuuziana. Niliagiza wanane. Wakaja kwenye chupa ndogo ya maji, wamejikunyata kama vipande vya uzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikazima taa, nikasimamisha pampu, nikawatoa mmoja mmoja kwa bomba la sindano na kuwaweka karibu kabisa na anemoni, kwa sababu wakipeperushwa na maji watashindwa kumfikia.

Usiku wa nne nilimwona mmoja kazini. Nilifunika tochi kwa karatasi nyekundu ili nisimshtue. Alikuwa akitambaa juu ya jiwe, amenyoosha pembe zake za kunusia, mgongo mzima umejaa vidole laini vya kahawia. Akagusa bua la anemoni, akarudi nyuma kidogo. Kisha akavisimamisha vidole vile vyote kuelekea mbele, kama nungunungu aliyechokozwa, akasonga tena na kuuma. Anemoni alijivuta, akatema nyuzi zake nyeupe. Konokono hakujali. Ute mzito unaomfunika humlinda, na ulimi wake wenye meno ulikuwa umeshazama kwenye nyama. Asubuhi palibaki doa tupu.

Kinachofuata tumboni mwake ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Vishale vingine anavyomeza havijakomaa. Hivyo havisagi. Anavisafirisha kupitia matumbo mpaka kwenye vifuko vilivyo kwenye ncha za vile vidole vya mgongoni, vinakomaa hapo, na vinakuwa silaha yake mwenyewe. Samaki anayemuuma anachomwa na sumu ya anemoni aliyeliwa. Na ile rangi ya kahawia ya vidole inatokana na mwani waliokuwa ndani ya anemoni.

Wiki sita sikuona tofauti yoyote. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kurudia chokaa. Lakini konokono wanane hawamalizi anemoni mia. Wajukuu wao ndio wanaomaliza. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, kwa hiyo wawili wowote wakikutana wote wanaweza kutaga. Niliona mayai kwenye kioo, uzi mweupe uliozungushwa kama kamba ya ukili kwenye mkeka wa duara, na ndani ya wiki mbili hivi yaliangua. Kizazi kilipopanda, anemoni walianza kushuka. Mwezi wa tatu jiwe la nyuma ya pampu lilikuwa safi. Mwezi wa nne nilitafuta kwa tochi kila tundu, sikuona hata mmoja.

Lakini usiwaweke konokono hawa tangi moja na kamba wa Lysmata, wala na yule samaki mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ambaye anapatikana hata miamba ya kwetu Afrika Mashariki. Watawafanya chakula. Samaki huyo ana kazi yake nyingine nzuri, kuokota minyoo bapa na vikonokono vinavyonyonya chaza, ila si kwenye tangi lenye Berghia. Funika pia mdomo wa pampu kwa sifongo. Na kabla hujamhukumu kiumbe yeyote kwa sura, chunguza anakula nini: minyoo wengi wenye nywele ngumu wanaotisha usiku wanasafisha mabaki ya chakula chini ya mchanga, na kuwatoa ni kujiongezea uchafu.

Dalili kwamba kazi imekwisha niliiona kwa konokono wenyewe. Vidole vya mgongoni, vilivyokuwa vya kahawia, vilianza kupauka mpaka vikawa karibu vyeupe. Hawakuwa na anemoni wa kula, na hawajui kula kitu kingine. Nilikaa usiku mbili na tochi yangu nyekundu, nikapata kumi na wanne. Nikawaweka kwenye bakuli la maji ya tangi na kumpelekea mfugaji mwenzangu wa mtaa wa pili, ambaye mawe yake yalikuwa yamejaa maua ya kahawia. Wiki iliyofuata alinitumia picha: vidole vimesharudi rangi yake.