Sifuri hadi mia: sekunde hizi zinapima nini hasa?

Sifuri hadi mia ni muda ambao gari hutumia kutoka kusimama kabisa mpaka kufikia kilomita 100 kwa saa, kwenye njia iliyonyooka na tambarare. Ni kipimo cha mchapuko, yaani kasi inavyozidi kwa kila sekunde inayopita. Kilomita 100 kwa saa ni sawa na mita 27.8 kwa sekunde, kwa hiyo gari linalofika hapo kwa sekunde 5 limekuwa likiongeza wastani wa mita 5.6 kwa sekunde, kila sekunde.

Tuchukue ubishi ambao wapenzi wa magari wa Nairobi na Kampala wanaujua vizuri: Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution (Evo), lipi linachomoka zaidi? Ubishi huu una mizizi yake hapa hapa. Tommi Mäkinen alishinda mbio za Safari Rally za Kenya mwaka 1996 kwa Lancer, Colin McRae akazichukua za 1997 kwa Impreza, na tangu hapo kila upande una ushahidi wake. Lakini ushindi wa Safari ulitokana na uimara, matope na ujasiri. Kwenye lami iliyonyooka, swali ni jingine.

Wengi huanza na nguvu za injini, na hapo hapo hukwama. Mpaka mwaka 2004, watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari la kawaida lenye zaidi ya hospawa 280. Kwa hiyo STI na Evo zilizouzwa Japani miaka ya mwisho ya makubaliano hayo, ambazo ndizo nyingi zilizotufikia zikiwa zimetumika, ziliandikwa 280 zote mbili. Zote zina turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), zote zinasukuma magurudumu manne, na uzito wao hauachani sana. Karatasi haiwezi kukuamulia.

Tena nguvu si jambo la kwanza linaloamua. Tairi ndilo linaloamua. Tairi zuri la barabarani, kwenye lami kavu, linaweza kushika kwa nguvu inayokaribia uzito wote unaolikandamiza. Gari linalosukuma magurudumu yote manne linautumia uzito wake wote. Linalosukuma mawili linatumia sehemu tu. Ndiyo maana gari linalosukuma magurudumu mawili likipewa hospawa nyingi linaishia kuzungusha matairi na kutoa moshi. Kwa tairi la aina hiyo, hata injini ingekuwa na nguvu isiyo na mwisho, sifuri hadi mia isingeshuka sana chini ya sekunde 2.8.

Sasa piga hesabu ya gari la hospawa 280 lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na dereva. Ukitoa nguvu inayopotelea kwenye giaboksi na difu, utaona kwamba mpaka karibu kilomita 40 kwa saa injini inaweza kuyashinda matairi. Kuanzia hapo kwenda juu, injini ndiyo inayokuwa kikwazo. Kumbe sehemu kubwa ya mwanzo wa mbio hupima mshiko, na jinsi dereva anavyoachia klachi. Akiiachia polepole mno, mzunguko wa injini unashuka na turbo inabaki imelala. Akiiachia kwa pupa, klachi inaungua au giaboksi inalia. Huko kwenye klachi ndiko tofauti nyingi za STI na Evo zinakozaliwa, wala si kwenye injini. Evo X (kizazi cha kumi) yenye giaboksi ya klachi mbili humwondolea dereva kazi hiyo.

Halafu kuna giya. Ikiwa giya ya pili ya gari moja inaishia kilomita 95 na ya jingine inafika 102, la kwanza litalazimika kuingiza ya tatu kabla ya mia na kupoteza kama theluthi moja ya sekunde, hata kama yote mawili yanavuta sawasawa. Wamarekani hupima mpaka maili 60, ambazo ni kilomita 96.6, na mara nyingi saa yao huanza kuhesabu baada ya gari kusogea takriban sentimita 30. Sentimita hizo hula kama robo ya sekunde. Ukichukua namba ya Evo kutoka Marekani ukailinganisha na namba ya STI kutoka Ulaya, hujalinganisha kitu.

Tofauti ya sekunde 0.2 ina ukubwa gani barabarani? Tuseme gari moja linatumia 4.9 na jingine 5.1, yote yakiongeza kasi kwa kiwango kisichobadilika. La kwanza linapogusa mia, la pili liko nyuma yake chini ya mita 3, yaani zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa gari. Lakini chukua magari mawili yaliyo sawa kabisa, dereva mmoja achelewe kuondoka kwa hiyo hiyo 0.2: pengo linakuwa zaidi ya mita 5. Macho ya mtazamaji hayawezi kutenganisha mambo haya mawili. Kifaa cha kupimia kinaweza, kwa sababu huanza kuhesabu gari linapoondoka, si taa inapowaka. Kwa hiyo video ya magari mawili yakikimbizana mara moja haithibitishi chochote.

Mahali pia panahesabika. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,800, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. STI na Evo huumia kidogo tu, kwa kuwa turbo inaweza kuzunguka zaidi kufidia, ingawa huchelewa kuamka. Gari lisilo na turbo lililoshindwa na Evo Nairobi linaweza kuisumbua Evo hiyo pwani.

Ukitaka kujua injini ipi ina nguvu zaidi, acha sifuri hadi mia, tazama robo maili, yaani mita 402, na usitazame muda bali kasi ya gari linapovuka mstari. Mwanzo mbaya huharibu muda sana, lakini kasi ya mwisho huigusa kidogo tu. Na kwa anayesafiri barabara ya Mombasa nyuma ya lori, kipimo cha maana zaidi ni 80 hadi 120, gari likiwa tayari linatembea. Hapo klachi ya kuondokea haina kazi, mshiko wa tairi si tatizo, na kinachobaki ni injini, uzito, giya uliyomo, na muda ambao turbo inachukua kuitikia mguu wako.